Askari wa Damu na Mashine Inayofundishwa Kuwatambua



Katika mambo yanayosemwa sana siku hizi, na wengi wayasemao wakiwa hawajui undani wake, ni habari ya mashine kufundishwa kusoma damu ya mwanadamu. Hapa kwetu Kharumwa, katika Wilaya ya Nyang'hwale, habari hii imefika kwa sura mbili. Wako wasemao ya kwamba karibuni hapatahitajiwa daktari wala mpimaji, kwani simu ya mkononi itatazama tone la damu na kuutaja ugonjwa. Na wako wasemao ya kwamba hayo ni mazingaombwe ya watu wa mbali, wanaotaka damu zetu kwa haja zao wenyewe. Sisi tumeona vyema kuyaeleza mambo haya katika kurasa hizi kadiri tulivyoyasoma na kuyauliza kwa wenye kuyajua, ili baba na mama wa nyumbani wapate kuyapima kwa mizani ya akili, na vijana wapate kuujua mlango uliofunguliwa mbele yao. Kwani hili si jambo la kupumbazia watu barazani. Ndani yake umo uhai wa watoto.

JESHI LILILOMO MWILINI

Damu ionekanayo kwa macho kuwa ni maji mekundu tu, ikitazamwa kwa hadubini huonekana kuwa ni umati mkubwa wa chembe. Katika mikrolita moja, yaani tone dogo mno lisilozidi mchemraba wa milimita moja kila upande, huwamo chembe nyekundu kiasi cha milioni 4 hadi milioni 6. Kati ya umati huo huonekana hapa na pale chembe nyeupe, nazo kwa mtu mzima mwenye afya ni kama 4,000 hadi 11,000 tu. Hizi chache ndizo askari wa mwili. Chembe nyekundu hubeba hewa tunayoivuta. Nyeupe hulinda mipaka, hupambana na adui, na nyingine huweka kumbukumbu ya adui aliyekwisha kuja ili akirudi atambuliwe mara moja.

Askari hawa si wa namna moja. Wenye elimu wamewagawa katika makundi matano. Wa kwanza huitwa nyutrofili, nao kwa kawaida ndio wengi kuliko wote. Kiini chao kimegawanyika vipande vitatu au vinne vilivyoungwa kwa uzi mwembamba, na kazi yao ni kuwahi mahali palipoingia bakteria. Wa pili ni limfosaiti, wadogo, wenye kiini cha duara kilichoijaza karibu chembe yote. Hao ndio wenye kumbukumbu, na miongoni mwao hutoka watengenezaji wa silaha zirushwazo juu ya adui. Wa tatu ni monosaiti, wakubwa kwa umbo, na kiini chao kimepinda kama figo. Hawa humeza takataka na vijidudu. Wa nne ni eosinofili, wenye chembechembe za rangi ya machungwa, ambao huongezeka mtu apatapo minyoo, au kichocho, maradhi ambayo watu wa pande za Ziwa Viktoria hawahitaji kusimuliwa. Wa tano ni basofili, adimu sana, na chembechembe zao za buluu iliyokoza huweza kukificha kiini.

Lakini chembe hizi kwa asili hazina rangi ya kuzitofautisha. Aliyefungua mlango huo ni Paul Ehrlich, daktari wa Kijerumani, ambaye katika miaka ya 1870 alizitia chembe dawa za rangi zilizotumika katika kiwanda cha nguo, akaona kila kundi lapokea rangi kwa namna yake. Mwaka 1908 alipewa tuzo ya Nobel pamoja na Ilya Mechnikov wa Urusi kwa kazi zao juu ya kinga ya mwili. Na ile rangi itumikayo hadi leo katika maabara zetu kupimia malaria hubeba jina la Gustav Giemsa, aliyeitangaza namna yake mwaka 1904. Huenda wasomaji wengi hawajui ya kwamba bwana huyo aliwahi kuwa mfamasia katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, kati ya 1895 na 1898. Basi elimu hii haikuwa mgeni kabisa katika nchi yetu.

KAZI YA MPIMAJI

Tazama sasa kazi ya yule kijana au binti aketiye nyuma ya dirisha la maabara. Huchukua tone la damu, hulitandaza juu ya kioo likawa jembamba, hulikausha, hulitia rangi, hulisuuza, kisha huinamia hadubini yenye kukuza mara 1,000. Akitakiwa kueleza hali ya askari wa mwili, hana budi kuhesabu chembe nyeupe 100 moja baada ya moja, akisema moyoni: huyu nyutrofili, huyu limfosaiti, huyu nyutrofili tena. Akitakiwa kueleza wingi wa malaria, huhesabu vijidudu mpaka atimize chembe nyeupe 200, kisha hupiga hesabu kwa kukadiria ya kwamba mikrolita moja ina chembe nyeupe 8,000.

Kazi hii si nyepesi. Macho huchoka, shingo hukaza, na foleni nje ya dirisha haipungui. Na watu wawili waliosomea kazi moja, wakitazama kioo kimoja, yawezekana wasikubaliane katika kila chembe, hasa zile changa au zilizobadilika kwa ugonjwa. Huo si uvivu wala ujinga. Ni mpaka wa macho ya mwanadamu. Ndipo watu wakajiuliza: je, haiwezekani kumpa mpimaji huyu msaidizi asiyechoka?

MASHINE HUFUNDISHWAJE?

Sisi walimu wa vyuo vya Kurani tuna njia nyepesi ya kulieleza jambo hili, kwani ni kazi yetu ya kila asubuhi. Mtoto aletwapo chuoni hajui kupambanua baina ya be, te na the. Kwake zote ni chombo kimoja kilicholala. Hatumpi maelezo marefu. Twamwonyesha herufi na kumtajia jina lake. Mwenye nukta moja chini ni be. Mwenye mbili juu ni te. Mwenye tatu juu ni the. Akikosea, twamsahihisha, naye hurudia. Baada ya mara nyingi huzitambua herufi hata katika ukurasa ambao hajapata kuuona. Na siku ya kumjaribu hatumpi ule ukurasa aliouhifadhi, kwani huenda akausoma kwa mazoea ya ulimi, macho yake yakiwa dirishani. Twamfungulia ukurasa mwingine.

Mashine nayo hufundishwa hivyo hivyo. Picha ya chembe iliyopigwa kwa hadubini, ndani ya kompyuta si picha, ni safu za namba. Imegawanywa katika viraba vidogo sana, na kila kiraba kina namba tatu, kila moja baina ya 0 na 255, za kueleza wingi wa rangi nyekundu, ya kijani na ya buluu. Kompyuta hupewa namba hizo pamoja na jina lililotajwa na mtaalamu: hii ni monosaiti. Nayo huzizidisha na kuzijumlisha namba zile kwa mizani iliyomo ndani yake, hutoa jibu, na jibu likiwa si sahihi mizani hurekebishwa kidogo. Kisha picha nyingine, na nyingine, hata maelfu. Mwishoni hujaribiwa kwa picha ambazo haijaziona. Hapana jini ndani yake, wala hapana ufahamu kama wa mwanadamu. Ni hesabu nyingi zifanywazo kwa haraka. Na utaratibu wa hesabu wa namna hiyo, hatua baada ya hatua, Wazungu huuita kwa neno lililotokana na jina la Al-Khwarizmi, mwanachuoni wa hesabu aliyekaa Baghdad katika karne ya 9. Tunalitaja hili vijana wajue ya kwamba milango ya elimu hii iliwahi kufunguliwa na watu waliosoma kwa herufi wanazozisoma wao chuoni.

Wala jambo hili halikuanza jana. Mwaka 1966 huko Marekani, Judith Prewitt na Mortimer Mendelsohn walitangaza namna ya kutumia kompyuta kuchambua picha za chembe nyeupe za damu. Mwaka 1994 iliundwa katika mji wa Lund, Sweden, kampuni ya CellaVision, ambayo mashine zake hupiga picha za chembe nyeupe na kuzipanga makundi ili mtaalamu azikague. Lakini hatua kubwa ilikuja mwaka 2012, pale mwalimu mmoja wa Chuo Kikuu cha Toronto na wanafunzi wake wawili waliposhinda mashindano ya kutambua picha, baada ya kuifundisha kompyuta kwa picha zaidi ya milioni moja. Tangu hapo njia hiyo ilienea upesi katika matibabu. Mwaka 2019 watafiti wa Munich, Ujerumani, walitangaza kazi waliyoifanya kwa picha 18,365 za chembe nyeupe za watu 200, nusu yao wakiwa na saratani ya damu. Na mwaka 2020 hospitali moja ya Barcelona, Hispania, ilitoa kwa watu wote picha 17,092 za chembe za damu zilizopangwa makundi manane na wataalamu, ili yeyote apendaye aifundishie mashine yake.

YALIYOFANYWA AFRIKA MASHARIKI

Msomaji atauliza: hayo ni ya Ulaya na Marekani, na sisi je?

Jibu ni kwamba majirani zetu hawakulala. Katika Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, John Quinn, Rose Nakasi na wenzao waliifunga simu ya kawaida juu ya jicho la hadubini kwa kishikizo maalumu, wakapiga picha za vioo, wakaifundisha kompyuta kutambua vijidudu vya malaria katika damu, vijidudu vya kifua kikuu katika makohozi, na mayai ya minyoo katika choo. Kazi hiyo waliitangaza mwaka 2016. Uzuri wake ni kwamba hawakuagiza mashine ya thamani kubwa; walichukua hadubini iliyokuwapo na simu iliyokuwapo, wakaviunga. Na tunapenda mabinti zetu walisikie vyema jina la Rose Nakasi, binti wa Uganda, wapate kujua ya kwamba hesabu na kompyuta havikuandikiwa wanaume peke yao.

Pwani ya Kenya nako, katika hospitali ya Kinondo Kwetu, Kwale, kati ya mwaka 2018 na 2019, wanawake 740 walichukuliwa chembe za mlango wa kizazi. Vioo vyao vilipigwa picha kwa mashine ndogo papo hapo hospitalini, picha zikasafirishwa kwa mtandao wa simu, na kompyuta ikatafuta chembe zilizoanza kuharibika. Vioo havikupanda ndege wala basi. Picha ndizo zilizosafiri. Kwa mtu wa kijijini hilo ni jambo kubwa. Kwani mara nyingi kinachomwua mgonjwa wetu si kukosekana kwa dawa duniani, bali ni siku zinazopita kabla ya ugonjwa wake kupewa jina.

UVIMBE WA TAYA

Hapo ndipo tunapofika kwenye kiini cha maneno yetu. Uko ugonjwa mmoja wa askari hawa hawa wa mwili ambao umeshikana sana na nchi zetu zenye malaria, nao huwapata watoto. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji kutoka Ireland aitwaye Denis Burkitt alionyeshwa mtoto mwenye uvimbe katika taya zote, akapata wengine mfano wake, na mwaka 1958 akaandika habari zao. Burkitt alikuwa amepoteza jicho moja utotoni, walakini aliona kwa jicho lililobaki jambo ambalo wengi wenye mawili hawakuliunganisha. Mwenzake George O'Conor, aliyesoma vioo kwa hadubini huko Makerere, akabainisha ya kwamba uvimbe ule ni saratani ya limfosaiti. Mwaka 1961 Burkitt na wenzake wawili walitoka Kampala kwa gari, wakasafiri majuma 10 na maili zipatazo 10,000 hadi kusini mwa Afrika, wakipita hospitali zaidi ya 50 na kuuliza: je, mmeuona uvimbe kama huu? Waliona ya kwamba unapatikana zaidi katika nchi za joto na mvua, kule kule malaria inakotawala. Vipande vya uvimbe vilipelekwa London kwa ndege, na mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakagundua ndani yake kirusi ambacho leo hubeba jina la Epstein na Barr.

Chini ya hadubini ugonjwa huu una sura ya ajabu. Limfosaiti zilizoasi hujazana pamoja zikawa kama anga jeusi, na kati yao huonekana chembe kubwa nyeupe zilizokuja kumeza mizoga, zikang'ara kama nyota. Ndiyo maana madaktari huiita sura ya mbingu yenye nyota. Lakini uzuri wa jina usimghuri mtu. Uvimbe huu ni miongoni mwa unaokua kwa kasi kupita mwingine. Huweza kuongezeka mara mbili kwa siku moja au mbili tu. Mtoto aliyekuwa na kijipu kwenye taya Jumamosi, Jumamosi ya pili uso umegeuka. Na pamoja na ukali wake, ugonjwa huu unasikia dawa, na watoto wengi wanaowahi matibabu kamili hupona. Basi hapa siku moja ina thamani isiyolinganishwa na dhahabu yote iliyomo chini ya ardhi ya Geita.

Na siku hizo hupotelea wapi? Hupotea nyumbani, mtoto akidhaniwa kuwa na jino bovu, au wazazi wakihangaika kumtafuta aliyemroga. Hupotea katika duka la dawa. Hupotea pale tezi zilizovimba zinapodhaniwa kuwa ni kifua kikuu, na mgonjwa akatibiwa kifua kikuu miezi, nayo ni saratani. Na katika nchi ya machimbo, ambako vumbi la mwamba hukiandaa kifua kwa ugonjwa huo, dhana hiyo huja upesi. Na hupotea tena baada ya kinyama kukatwa na kutiwa ndani ya chupa, kikisubiri mtaalamu wa kukisoma, kwani wataalamu wa kusoma vinyama hivyo ni wachache sana nchini, na wengi wao wako katika miji mikubwa.

Kwa ajili hiyo watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, pamoja na madaktari wa Tanzania na Uganda, wameungana katika kazi iitwayo AI-REAL. Wanatafuta njia mbili za kufupisha kungoja huko. Ya kwanza ni kupima damu ya mtoto na kutafuta ndani yake alama za saratani na za kile kirusi, pasipo kusubiri kipande cha nyama. Ya pili ni kupiga picha vioo vya vinyama na kuitumia akili mnemba kumsaidia mtaalamu kuvisoma. Na yafaa ifahamike ya kwamba hii bado ni kazi ya utafiti, wala si dawa iliyokwisha kutiwa katika kila zahanati.

SHAHIDI NA UADILIFU WAKE

Kijana mmoja mchimbaji alitujia baada ya darasa la jioni, akatuamkia, "Shikamoo, ustadhi." Tukamwitikia, "Marahaba, mwanangu." Akasema: "Hivi, ustadhi, hiyo mashine ikisema mtoto wangu ana saratani, niiamini?"

Tukamjibu: "Shahidi akija mbele ya kadhi, kwanza haulizwi aliyoyaona, huulizwa yeye ni nani. Amelelewa wapi? Nani amjuaye? Amepata kupimwa ukweli wake? Basi mashine nayo iulizwe vivyo hivyo."

Na katika maswali hayo tumeona ya kwamba mambo mawili yana uzito.

La kwanza ni mahali ilipofundishwa. Turudi chuoni. Mtoto aliyezoea hati ya msahafu tunaoutumia huku, akipewa msahafu ulioandikwa kwa hati ya Maghribi, atakuta fe ina nukta chini, na kafu, ile ya kooni, ina nukta moja tu juu. Basi ataisoma kafu kuwa ni fe, tena kwa sauti kubwa na yakini. Si mjinga, amefundishwa hati moja tu. Mashine nayo ni hivyo. Zile picha za Barcelona zilipigwa kwa watu wasio na maradhi wala maambukizo, kwa rangi iliyochanganywa kwa kipimo kimoja na hadubini ya namna moja. Huku kwetu monosaiti ya mtu mwenye malaria huweza kuwa imebeba punje nyeusi za mabaki ya vijidudu ilivyovimeza. Rangi hubadilika kwa maji tuliyo nayo. Kioo huwa na mkwaruzo na vumbi. Mashine isiyopata kuyaona hayo huenda ikayapa jina lisilo lake, na isione haya.

Tena liko jambo lililomo katika damu yenyewe. Waafrika wengi hawana alama fulani juu ya chembe zao nyekundu, iitwayo Duffy, na kukosa huko huwakinga na aina moja ya malaria. Watu hao, wakiwa na afya kamili, huwa na nyutrofili chache katika damu kuliko Wazungu. Basi mashine ikiwekewa mpaka uliopimwa kwa Wazungu, huenda ikamwita mtu mzima kuwa ni mgonjwa, au daktari akamnyima mgonjwa dawa kali anayoihitaji kwa kudhani askari wake wamepungua. Kosa hapo si la macho. Ni la kipimo kilichoazimwa.

La pili ni kwamba mashine huona kioo, haimwoni mgonjwa. Haijui ya kwamba mtoto amekonda, wala ya kwamba uvimbe ulianza juma lililopita, wala haijui kama kioo kimeandikwa jina la mtoto mwingine. Daktari ndiye mwenye kuyakusanya yote hayo. Kwa hivyo neno la mashine liwe ni ushahidi mmoja mbele ya daktari, na hukumu ibaki mkononi mwa mwanadamu atakayeulizwa kwa aliyoyafanya.

Ama wale wasemao tusikubali kabisa kupigwa picha damu zetu, twawaheshimu kwa hofu yao, lakini hatuafikiani nao. Watu wa hapa wakikataa wote, mashine zitafundishwa kwa damu za wengine, kisha zitaletwa kutusoma sisi kwa hati ya kigeni. La haki ni kuuliza kabla ya kutoa. Mzazi ana haki ya kuambiwa kwa lugha anayoifahamu: picha hii itakwenda wapi, itatumiwa kwa kazi gani, je, jina la mwanangu litaondolewa, na nikikataa, je, mwanangu atatibiwa vile vile? Nchi yetu ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, na habari za afya ya mtu zimo katika ulinzi huo. Damu ya mtu ni siri yake, na picha yake ni amana kwa aliyeipokea.

YATUPASAYO

Baada ya hayo yote, huenda mama wa Kharumwa akasema: "Maneno ni mazuri, lakini mashine hiyo haipo hapa. Mimi nifanye nini leo?" Swali lake ni bora kuliko mengi ya wasomi, na jawabu lake ni fupi.

Mtoto akipata homa, apimwe kwanza kabla ya kupewa dawa ya malaria. Ndivyo lilivyoagiza Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2010, na sababu yake ni wazi: si kila homa ni malaria, na dawa isiyo mahali pake huficha ugonjwa wa kweli. Mtoto akivimba taya, au jicho likatoka nje, au tumbo likajaa kwa haraka, asipelekwe kwa mng'oa meno wa mtaani wala kwa mganga. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na mzazi amwambie daktari uvimbe ulianza siku gani. Tezi za shingoni zisizopungua baada ya dawa, au mgonjwa wa kifua kikuu asiyepata nafuu kwa matibabu, arudi akaulize tena, wala asione haya. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na akiandikiwa rufaa ya Bugando, Mwanza, asikae kungoja mavuno au mauzo ya dhahabu. Hospitali hiyo imekuwapo tangu mwaka 1971, na apitaye njia ya Sengerema hangoji tena kivuko, kwani daraja la Kigongo na Busisi lilifunguliwa mwezi wa Juni 2025. Kivuko kimeondoka, tusikiweke kivuko kingine ndani ya nyoyo zetu.

Jamaa na majirani nao wasimwachie mzazi mzigo peke yake. Saratani ya mtoto hutibiwa kwa safari nyingi, na wengi huacha matibabu katikati, uvimbe ukiisha kunywea, kwa kuishiwa nauli na chakula. Kuukusanya mchango wa nauli msikitini au barazani ni sehemu ya dawa.

Nanyi vijana, mnaoshinda mkitazama vioo vya simu, jueni ya kwamba mashine hizi zina njaa ya jambo moja: walimu. Kila picha katika zile maelfu ilitajiwa jina na mtu aliyesoma, aliyeketi akasema, hii ni limfosaiti, hii siyo. Mashine ya kusoma damu ya watu wa Kanda ya Ziwa itahitaji watu wa Kanda ya Ziwa wazijuao chembe hizo kwa macho yao wenyewe. Njia ya kufika huko haina njia ya mkato: ni hesabu, ni biolojia, ni Kiingereza kwa kadiri ya haja, na ni subira ya kurudia somo. Mtoto aliyejifunza kutenga be na te kwa nukta tu, amekwisha kuanza elimu hii, ijapokuwa hakuambiwa.

Na ninyi wazazi, binti akipenda hadubini, msimwambie ya kwamba kazi yake ni jikoni tu; mpelekeni shule. Huenda siku moja kioo kitakachowekwa mbele yake kikawa cha mjukuu wenu.